Huyo buibui wetu sio mnyonya damu, ni mla mbu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Juzi mpwa wangu alinionyesha kwa simu picha ya buibui mdogo mwenye uso mwekundu, chini imeandikwa tahadhari, buibui mnyonya damu yuko kwa nyumba zenu, na hiyo picha ilikuwa ishazunguka magrupu yote ya WhatsApp. Jioni nafika nyumbani nakuta mama watoto ameshika fagio anawapiga ukutani mmoja mmoja. Nikamwambia waache hao, akaniuliza, "Wakiniruka usiku utanitibu wewe?"

Sasa mimi nakaa Mbita, kando ya Ziwa Victoria, na huyo buibui tumekua naye, ni sayansi tu ndiyo ilichelewa kumjua. Aliandikwa rasmi kama spishi mpya mwaka 2003, na Wanda Wesołowska wa Poland pamoja na Robert Jackson wa New Zealand, huyu Jackson ndiye amefanya utafiti miaka mingi kwa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilicho hapahapa Mbita. Wakamwita Evarcha culicivora. Hiyo culicivora ni Kilatini, maana yake ni mla mbu. Yani jina lake limeshataja kazi yake halafu sisi tunamtafutia lingine la kutisha watoto!

Na msidhani kumpa jina ilikuwa kazi ya kupiga picha na kuposti. Huyu ni wa jamii ya buibui warukaji, na wanaojulikana duniani wanapita spishi 6,000 na wengi wanafanana sana, kwa hivyo anawekwa chini ya maikroskopu, viungo vya uzazi vya dume na vya jike vinachorwa kila kona, halafu vinalinganishwa na vya wale walioandikwa zamani. Ndio, buibui anatambulishwa kwa sehemu za siri, mimi pia nilicheka.

Damu anaipenda, hilo sikatai. Lakini mdomo wake hauwezi kutoboa ngozi ya mtu, na mwenyewe hafiki hata punje ya mchele. Anachofanya ni kumvizia mbu jike ambaye ashakunywa damu yako, anamrukia, anamla na damu yako ndani yake. Hiyo ilichapishwa 2005. Hatandi utando wa kunasia, anawinda kwa macho, ana manane na yale mawili ya mbele ni makubwa kama taa za gari. Na anachagua, anapenda zaidi Anopheles, yule wa malaria, ambaye akitua anainua tako juu, sasa vile vitoto vya buibui vinazunguka taratibu kwa nyuma vinaingia chini ya hilo tako na kumshika kutoka hapo. Mimi mtu mzima sijawahi kumtofautisha mbu wa malaria na mwingine, nampiga tu kofi.

Kuna kingine cha kuchekesha: 2011 walichapisha jaribio la soksi, harufu ya soksi iliyovaliwa ikamvutia kuliko ya soksi safi. Nafikiri ni kwa sababu penye miguu ya watu ndipo penye mbu walioshiba. Tena akishakula hiyo damu ananukia vizuri kwa mwenzake, dume kwa jike na jike kwa dume, kwao hiyo ndio marashi.

Sisemi atamaliza malaria, neti mlalie. Nasema tu, mhariri, hiyo stori ikifika kwenye dawati lenu msiipeleke vile inazunguka kwa simu, andikeni buibui mla mbu, mseme anapatikana huku kandokando ya ziwa, Kenya na Uganda, maana mtu akisoma mnyonya damu anachukua fagio au dawa ya kupuliza, na anayebaki salama ni mbu.

Kwangu amebaki mmoja, juu ya swichi ya taa. Mama watoto amekubali akae, ila amesema soksi zangu zilale nje.

Msomaji wenu,
Mbita