Daktari wa mishipa ya miguu atufikie na huku Kisumu

Kwako Mhariri,

Mimi nauza mitumba hapa Kibuye, huu ni mwaka wa kumi na tisa, na kazi yetu ni ya kusimama. Kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka giza liingie uko kwa miguu, ukikaa mteja anapita kwa jirani. Mishipa ilianza kunitoka nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa tatu, imevimba na kujisokota nyuma ya goti ikashuka hadi kwa kigimbi, na kila mtu ananiambia huo ni uchovu tu, kanda na mafuta. Mamangu alikuwa nayo pia kwa hivyo nikaona ni mambo ya kwetu, nikanyamaza.

Baadaye ngozi ikawa nyeusi pale juu ya kifundo, upande wa ndani, ikawa inaniwasha usiku silali, nikajikuna siku moja na hapo ndipo kidonda kikaanza. Miaka miwili Mhariri! Naenda hospitali naoshwa, napewa dawa ya kumeza, nafungwa bandeji, rudi wiki ijayo. Sukari nilipimwa mara tatu na haikuonekana. Wengine sokoni wakaanza kunong'ona ati ni chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, na hiyo iliniuma kuliko hata kidonda chenyewe.

Aliyenisaidia ni mtoto wa dadangu anayesomea unesi. Ndiye wa kwanza kuniambia, mama mdogo, simama niangalie huo mguu. Hao wengine wote waliniangalia nimelala, na ukilala mishipa inajificha. Akasema hii ni kazi ya daktari wa upasuaji wa mishipa ya damu, na tulipouliza tukaambiwa twende Nairobi. Nikapanda basi ya usiku, mguu umevimba kama gogo.

Huyo daktari alinipitishia skani ya Dopla kutoka kwa paja hadi chini, akafinya kigimbi akaachilia, na kwa mashine nikasikia damu yangu mwenyewe ikirudi chini, shwaaa. Akanielezea kwamba ndani ya mshipa kuna vilango vinavyoruhusu damu ipande kwenda kwa moyo isirudi, vikilegea damu inatuama mguuni, presha inaharibu ngozi mpaka inapasuka. Sasa hata uoshe kidonda miaka kumi, kama hiyo presha haijaondolewa unafanya kazi bure. Kuna kuunguza mshipa kwa leza, kuna kudunga dawa ya povu, kuna upasuaji wa zamani wa kuung'oa. Mimi chama chetu kilinichangia nikafanyiwa leza, ganzi ya mguu tu, na siku hiyo hiyo nikatoka nikitembea. Kidonda kikafunga kabla ya miezi mitatu kuisha.

Kinachonikera ni ile miaka miwili. Kuna utafiti wa Uingereza wa 2018 kwa wagonjwa 450 wenye vidonda kama changu, wote walifungwa bandeji za kubana, lakini waliotibiwa mshipa mapema nusu yao walikuwa wamepona kwa siku 56, na wale waliongojeshwa ikafika siku 82. Hata hao wa kungoja, ni siku 82, si miaka! Pale nilipokuwa naoshwa skani iko, akina mama wajawazito wanapigwa kila siku, na hakuna aliyewahi kuniambia hata mguu unaweza kupigwa skani.

Ombi langu kwa kaunti zetu za huku Magharibi ni daktari wa mishipa aje hata siku moja kwa mwezi, ijulikane ni siku ya miguu. Na manesi wafunzwe kufunga ile bandeji ya kubana kutoka vidoleni hadi chini ya goti, lakini wapime kwanza damu inayoshuka mguuni, maana kama hiyo ndiyo imeziba, kubana kunaweza kuua mguu.

Mimi stokingi ya kubana navaa asubuhi kabla sijashuka kitandani, na siku hizi nina stuli kibandani. Lakini mama anayeuza viatu mkabala na mimi ana ule weusi juu ya kifundo, juzi nimemuona anajikuna, na nauli ya Nairobi hana.

Mama wa mitumba,
Kibuye, Kisumu