Mhariri, mtuandikie pia hizo modeli zinapimwaje

Mhariri, pole na kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi na kazi yangu ni hizihizi modeli za kompyuta za hewa na tabianchi, sasa kila nikiona habari ya "kompyuta yatabiri joto la mwaka 2100" nasoma mpaka chini kabisa natafuta wapi wameandika hiyo modeli ilijaribiwa vipi, sipaoni. Msomaji anaachiwa aamini tu kama kaambiwa na mnajimu, au akatae tu.

Yaani modeli ni hivi: unaikata hewa yote ya dunia maboksi maboksi, boksi moja mara nyingi lina upana wa kilomita 100 hivi, yamepangwa matabaka kwa matabaka kwenda juu, halafu kila boksi kompyuta ilipigie hesabu ya upepo, jua, mvua, moshi, na kemikali kibao zinazokulana humo ndani, ikimaliza unasogeza saa mbele kidogo inaanza upya. Kinachotutoa jasho ni kemia. Kuna hidroksili, chembe ya kemikali inayokula gesi nyingine hewani, haimalizi hata sekunde mbili ishadaka kitu kingine, na kuna gesi ya methani inakaa hewani miaka kama 9, na anayeimaliza hiyo methani ni huyohuyo hidroksili wa sekunde moja! Ukimkosea yeye kidogo, umeshaharibu hesabu ya miaka.

Niliwahi kuhangaika wiki nzima, modeli inasema usiku mjini gesi ya ozoni imejaa, kifaa cha kupimia kinasoma karibu na sifuri. Kumbe moshi wa magari usiku unaila ozoni pale barabarani, lakini kwenye boksi la kilomita 100 moshi wenyewe umetandazwa mpaka mashambani, hauna nguvu tena. Bila kile kifaa ningeiamini modeli yangu.

Na haya si ya kwangu peke yangu. Mwaka 1974 wanakemia Molina na Rowland walishaonya kwamba gesi za mafriji na makopo ya spreyi zitakula ozoni ya huko juu inayotukinga na miale mikali ya jua, modeli zikakubali, ila zikasema itapungua polepole kwa miongo. Halafu 1985 mwanasayansi Mwingereza Farman na wenzake wawili wakatoa vipimo vya Halley, kituo cha utafiti cha Waingereza huko Antaktika, kila majira ya machipuko ya huko ozoni inaporomoka vibaya mno, ndo lile tundu la ozoni. Hakuna modeli iliyokuwa imeliona hilo! Hesabu ya kompyuta haikuwa na kosa, ila kulikuwa na kemia ambayo hakuna mtu aliyeiweka, ile inayotokea juu ya chembe za mawingu ya baridi kali, mpaka mwanakemia wa hewa Susan Solomon na wenzake walipoieleza 1986. Ilipowekwa, tundu likatokea kwenye modeli kama lilivyo angani.

Zinapopatia pia semeni. Volkano ya Pinatubo kule Ufilipino ililipuka Juni 1991, timu ya mwanasayansi wa tabianchi James Hansen ikatangaza mapema kwamba dunia itapoa kama nusu digrii, na 1992 ikapoa hivyohivyo. Mtihani wa namna hii ndo naupenda kuliko wote, jibu limeandikwa kabla ya tukio, huwezi kulirekebisha kimyakimya baadaye.

Ombi langu basi, mwandishi wenu akipewa habari ya modeli aulize imelinganishwa na vipimo gani, na wapi inakosea. Walioijenga wanajua, waulizwe tu. Na kituo cha kupima hewa kikifungwa popote pale msikiweke kona ya ndani. Pale Halley walianza kupima ozoni miaka ya 1950, mwaka baada ya mwaka namba zinafanana, mtu na kifaa chake kwenye barafu anazungusha kidude anaandika, angeweza kabisa kuambiwa inatosha funga urudi nyumbani, na tundu lingefunguka bila mtu kuwa na namba za zamani za kulinganishia.