Si sangara huyo huyo, mama

Wiki hii tena. Mama mwenye hoteli Dodoma kanitumia sauti ya dakika nne kwamba nimempiga: kijana mmoja wa Igombe, hapa hapa Mwanza ninakouzia samaki, kamwambia sangara huyo huyo anampa kwa elfu mbili pungufu kila kilo. "Nyie Wasukuma tamaa itawaua." Nilicheka, maana mimi Mkerewe.

Si sangara huyo huyo. Mezani kwetu kuna rula. Sheria inataka sangara asipungue sentimita 50, sato asipungue 25. Tunamlaza, tunamnyoosha, tunapima mdomo hadi ncha ya mkia. Asiyefika anarudi kwa aliyemleta, na huyo safari ijayo anajua samaki wa kokoro, ule wavu haramu unaozoa hadi wadogo, awapeleke kwingine. Siku mbaya mzigo wa kilo mia unabaki sitini, na barafu ya kilo mia nimeshainunua. Hiyo elfu mbili ndipo inapoanzia. Bado kibali cha kusafirisha, bado ushuru, bado kijana wa kubadilisha barafu usiku.

Kinachonishangaza ni midomo yetu. Panda daladala ya Kirumba uulize kama nyavu haramu zichomwe. Watakwambia zichomwe hata leo. Mtu huyo huyo akifika kwangu: "Vile vidogo vya bei nafuu huna?" Mama, vile vidogo ndivyo vilivyokuwa kwenye nyavu ulizotaka zichomwe!

Wengine husema sheria hizi ni za wazungu, ili minofu yao iwe mizuri. Ni kweli wana zao. Ujerumani tangu Januari 2023 ina sheria inayozitaka kampuni kubwa zichunguze zinakonunua mali na watu wa huko wanatendewaje. Lakini mimi nakumbuka 1999, nikiwa kibarua wa kupakua samaki kiwandani hapa Mwanza. Soko la Ulaya lilifungia samaki wa ziwa hili la Victoria kwa hofu ya waliovuliwa kwa sumu. Habari ilianzia Uganda, ila waliofungiwa ni Uganda, Kenya na sisi. Hakuna aliyeuliza wa Ukerewe alivua kwa kitu gani. Tulikaa nyumbani tunahesabu mabati. Na ile sumu, ingekuwa mezani kwa mzungu tu? Waliokula samaki kila siku ni watoto wa mwaloni, huku samaki wanakoshushwa.

Sasa ile njia ya mkato. Mzee mmoja wa Singida, alikuwa anaoza binti. Tulimpa bei, akaguna, akashuka mwaloni usiku mwenyewe. Akajaza mifuko ya salfeti, akaisukumia chini ya mizigo ya basi, kibali hana. Kwenye kizuizi cha barabarani wakafungua buti: wengi hawajafika hata sentimita 40, na barafu imekwisha, matamvua yameanza kuwa kahawia. Samaki wakataifishwa, faini akalipa, na harusini watu wakala ng'ombe aliyenunuliwa asubuhi hiyo kwa bei ya muuzaji. Binti wa pili alipoolewa alinipigia mwezi mzima kabla. Bei hakuuliza.



Na la kilo kupungua mkipokea, kwa kuwa nalo mnalileta. Tunapima samaki akiwa mkavu, ndipo tunaweka barafu. Akifika kwako amechuja maji kidogo, atapungua kidogo, hilo siwezi kulizuia. Kuna wanaopima pamoja na barafu, na wapo wanaomloweka kwanza. Bei yao huwa tamu kweli, ila umenunua maji ya ziwa kwa bei ya mnofu.

Mama wa Dodoma, mzigo wako unatoka Alhamisi jioni, deli mbili, zote za kamba ya bluu. Kibali nitakupigia picha kabla basi halijaondoka. Ukipokea, chukua rula ya mtoto wako wa shule, ipange mara mbili, upime mwenyewe. Akipatikana mmoja hajafika, huyo usimlipie.