Nimeshakula kianzio cha pikipiki ya marehemu

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Buzuruga hapa Mwanza. Usinicheke nikikwambia kwamba sebuleni kwangu inalala pikipiki, kati ya kabati la vyombo na mlango wa chumbani. Kila nikifagia naizunguka kama mbuzi aliyefungwa.

Ni Honda XL 125 nyekundu, ya mume wangu. Alifariki Machi 2025 kwa saratani ya umio. Pikipiki aliinunua mwaka 1999 kwa mzungu wa mradi aliyekuwa anarudi kwao, mimi akanioa 2003, kwa hiyo nilipofika niliwakuta wameshazoeana. Sisemi kwa wivu. Labda kidogo.

Kazi yake ilikuwa useremala, lakini ukiulizia mtaani watakwambia "yule wa Honda". Hakupakia abiria wa kulipa hata siku moja. Vijana wa bodaboda walikuwa wanamshangaa: chombo kizima, kijiwe kiko hapo stendi, yeye anakwenda Bunda na kurudi bila senti. Njia ya Magu na Lamadi aliipenda kwa ajili ya kile kipande kinachopakana na Serengeti. Pikipiki haziruhusiwi kuingia hifadhini, basi anazima pale lango la Ndabaka, anakunywa chai yake ya chupa, anaangalia nyani, anageuza. Kipuri kikikosekana mjini anaagiza Nairobi, kinakuja na basi kupitia Sirari. Kabureta alikuwa akiifungua Jumapili mchana kwenye sinia langu la pilau na kuisugua kwa mswaki. Tuligombana juu ya lile sinia miaka ishirini.

Na hiyo chai ilikuwa lazima itoke jikoni inachemka. Daktari alipouliza habari za sigara tulimjibu haraka, hajawahi kuvuta. Alipouliza habari za vinywaji vya moto sana tukatazamana.

Ilianza kwa kushushia kila tonge na maji. Mimi nikadhani ugali wangu mgumu. Akahamia wali, kisha viazi vya kupondwa, kisha uji. Kwenye duka la dawa walimpa vidonge vya vidonda vya tumbo, akavimeza miezi minne, mwisho hata vidonge vyenyewe vikawa havipiti. Tulipofika hospitali ya rufaa wakampitisha kamera mdomoni, tukaambiwa uvimbe umeshaziba sehemu kubwa ya njia ya chakula. Kama kuna msomaji ambaye chakula kinamkwama, nakuomba usikae na vidonge kama sisi. Waliweka mrija ili uji upite, ukampa miezi mitano.

Mwanzoni mwa 2025 hakuwa tena na nguvu ya kupiga kiki. Jioni moja aliomba tuitoe nje. Tukamkalisha kwenye kigoda ukutani, kijana wetu akapiga kiki, ikawaka mara ya tatu. Baba yake alifumba macho akasikiliza. Kisha akainua kidole, akakigongesha kwenye meno yake, tk, tk, tk. Kijana akaelewa kwamba tapeti zinagonga. Akazima, akafungua, akarekebisha pale pale kwa mwanga wa simu, akawasha tena. Mume wangu akatikisa kichwa kwamba sawa. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuisikia ikiunguruma.

Sauti yake nayo ilikuwa imekauka, akawa anatuandikia kwenye daftari la shule la binti yetu. Mengi ni mambo ya maji na mto wa kulalia. Lakini kuna ukurasa mmoja umeandikwa: "Ukikwama uza Honda. Usimpe atakayeipiga rangi."

Shangazi, lile tangi lina rangi iliyobabuka pande zote mbili, pale magoti yake yalipokuwa yanabana.

Kwao ni Sengerema. Miaka yote lile daraja la Kigongo–Busisi linajengwa, tangu 2020, alikuwa anakwenda kulitazama kama mtu anayekagua nyumba yake, na alishaapa kwamba siku likifunguliwa yeye atavuka na Honda kabla ya mabasi. Likafunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Yeye tulikuwa tumeshamvusha Machi, kwa kivuko, jeneza nyuma ya pikapu, na daraja liko hapo pembeni linatungoja. Wenzake kumi na moja wa pikipiki walikuwa nasi kivukoni, wamezima, hakuna aliyezungumza. Tulipogota Busisi wakapiga kiki zote kwa pamoja, na ndipo nilipolia.

Sasa mwezi ujao anatimiza mwaka. Wale wenzake wamekuja kuomba Honda ivuke daraja mpaka kaburini, kilomita 3 ambazo alizisubiri. Wanasema mmoja wao ataiendesha. Kijana wangu, ana miaka 17 na hana leseni, anasema ni yeye au hakuna mtu. Mama mkwe naye hataki kuiona kwenye boma lake. Anaamini ndiyo iliyomuua mwanawe: alikuwa anafyonza petroli kwa mpira, na upepo wa ziwani umempiga koo maisha yake yote. Daktari hakusema hivyo, lakini nani atambishia mama aliyezika mtoto? Shemeji yangu mkubwa anataka iwe bodaboda. Huyo simjibu.

Yote hayo ningeyamudu. Lipo moja ambalo hawalijui. Desemba binti yangu alikuwa anafukuzwa chuo kwa ajili ya ada. Mwalimu mmoja wa Nyegezi, mtu mstaarabu, aliniahidi milioni moja na laki nane, akanipa kianzio cha laki sita. Nikapokea, nikalipa ada siku ile ile. Niliona marehemu mwenyewe ameruhusu: ukikwama uza. Na nilikuwa nimekwama. Wiki iliyopita yule mwalimu akanipigia kuniuliza kama kadi ipo tayari, akasema kwa furaha kwamba ameshapata fundi wa kuipiga nyeusi, itang'aa kama mpya.

Kikoba chetu kinaweza kunikopesha nimrudishie, lakini riba yake naijua, na muhula mwingine wa chuo uko mlangoni. Mkononi nina laki moja na arobaini. Nimwambie mwalimu asiipake rangi? Mtu ananunua kwa hela yake, mimi nimpangie? Au nimeze tu, kwa sababu maneno ya mgonjwa kwenye daftari si wosia, na aliyeyaandika angependa zaidi binti yake amalize? Na wale kumi na moja niwaambie nini, na mama mkwe, na kaburi lile?

Mwalimu anakuja Jumamosi na hela iliyobaki. Kijana bado hajui. Jana kaniomba elfu tano ya plagi mpya, nikampa.

Mama wa Buzuruga