Vyama vya wahamiaji si vya kujitenga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu hoja inayorudiwa mara kwa mara, kwamba wahamiaji wanaounda vyama vyao ugenini hawataki kuchangamana na wenyeji.

Anayehama hupoteza watu ambao angeweza kuwabishia hodi usiku wa manane bila kuomba radhi: wa kumsindikiza mgonjwa, wa kumshikia mtoto, wa kukaa naye matangani. Ndiyo maana vyama vya kuzikana huwa miongoni mwa vya mwanzo kuundwa. Wayahudi wa Ulaya Mashariki waliohamia New York tangu mwishoni mwa karne ya 19 walijikusanya kwa kufuata miji waliyotoka, wakanunua viwanja vya makaburi, wakakopeshana na kumlipa daktari wa kuwatibu wanachama. Hadi leo, msiba ukitokea, daftari la mchango hupita mkono kwa mkono, na mfiwa aliyedhani hana mtu hukuta sebule imejaa. Aliyefarijiwa hivyo ndiye anayepata ujasiri wa kumsogelea jirani asiyemfahamu.

Hata hivyo, nakiri kwamba kushikamana na wa kwetu pekee hakutoshi. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alieleza mwaka 1973 kwamba habari za kazi mara nyingi hutujia kupitia watu tunaofahamiana nao juu juu, kwa kuwa wandani wetu wanajua yale yale tunayoyajua sisi.

Kanada ina mpango, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970, unaowaruhusu wananchi wa kawaida kumdhamini mkimbizi, kwa kawaida kwa mwaka mmoja. Anayempeleka mgeni benki na kumsaidia kuandikisha mtoto shule ni mkazi mwenzake, wala si karani. Hapo ujirani huzaliwa na shughuli, tofauti na tamasha la tamaduni ambako watu hutazamana siku moja kisha kila mmoja akarudi kwake.

Kinachoniumiza zaidi ni kumwona mtoto wa miaka 10 akimtafsiria mama yake maneno ya daktari kuhusu ugonjwa wa mama huyo. Mama asiye na wa kumwachia mtoto mchanga hawezi kuhudhuria darasa la lugha, na bila lugha hata salamu ya ngazini humshinda. Naziomba halmashauri zinazopokea wahamiaji zivifungulie vyama hivi vyumba vya madarasa jioni, na ziweke mlezi wa watoto katika chumba cha pili wakati mama zao wanasoma.

Wako,
Msomaji