Si kweli kwamba Wamarekani wamenyamaza

Ndugu Mhariri,

Tangu Donald Trump alipoapishwa kwa mara ya pili, Januari 20, 2025, nimesoma katika ukurasa wako wa barua maoni mengi kuhusu amri alizotia saini. Wengi wameandika juu ya misaada ya nje iliyosimamishwa kwa siku 90 na hofu ya kukosekana kwa dawa za kufubaza makali ya virusi vya UKIMWI. Wana haki kabisa, kwa sababu anayemeza dawa kila siku hawezi kuambiwa asubiri miezi mitatu hadi tathmini ikamilike. Wachache wameshangilia, wakisema Afrika sasa itajifunza kujitegemea. Kilichonisukuma kuandika ni kauli ninayoikuta pande zote mbili, kwamba Wamarekani wenyewe wamekaa kimya au kwamba wote wameridhika. Ninaishi Lexington, Kentucky, jimbo ambalo zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura wake walimchagua Trump mwaka 2024. Ninayoyaona hapa hayafanani na kauli hiyo.

Walioridhika wapo, tena ni wengi. Trump alipata kura zaidi ya milioni 77. Aliahidi kuubana mpaka wa kusini na kuwafukuza walioingia bila kibali, na kazi hiyo aliianza siku ya kwanza. Hata wabunge kadhaa wa chama cha Democratic waliipigia kura Sheria ya Laken Riley, inayoagiza wahamiaji wasio na vibali wanaotuhumiwa kwa makosa kama wizi wawekwe kizuizini, na Rais akaitia saini Januari 29. Majirani zangu waliomchagua wanasema wazi kwamba walitaka sheria za mpaka zifuatwe. Siwalaumu kwa hilo.

Lakini miongoni mwa amri za Januari 20 ipo moja isiyohusu mpaka hata kidogo, nayo inatugusa sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko watu wengi duniani. Ni amri iliyosimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1980. Mkimbizi wa mpango huu haingii kwa kuruka ukuta. Anakaa kambini, iwe Nyarugusu, Nakivale au Kakuma, na watoto wanazaliwa na kumaliza shule humo humo. HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, wakipeleka jina lake mbele, anahojiwa, kisha anahojiwa tena na maofisa wa serikali ya Marekani. Anachukuliwa alama za vidole, anapimwa kifua kikuu, majina ya ndugu zake yanalinganishwa na aliyoyataja mara ya kwanza, halafu anasubiri ndege. Hata nauli ni mkopo anaoulipa akishafika. Mimi nimepita njia hiyo, na sijui mgeni mwingine anayechunguzwa kiasi hicho kabla ya kukanyaga nchi hii.

Katika mwaka wa fedha wa 2024, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000. Nchi iliyotoa wengi kuliko zote ilikuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, karibu watu 20,000. Ndio hao wanaokifanya Kiswahili kisikike leo madukani, viwandani na kwenye madarasa ya mji wetu.

Amri ilipanga usimamishaji uanze Januari 27, lakini safari zilianza kufutwa kabla ya hapo. Wakimbizi zaidi ya 10,000 walikuwa wamemaliza kila hatua na kupangiwa ndege. Miongoni mwao walikuwamo Waafghanistani, baadhi yao wakiwa ndugu wa wanajeshi wa Marekani, na askari wastaafu waliopigana Afghanistan walikuwa miongoni mwa wa kwanza kulalamika hadharani. Januari 27 hiyo hiyo ndiyo siku waasi wa M23 walipoingia Goma, jiji la Kivu mashariki mwa Kongo. Tuliokuwa tukipiga simu Kivu usiku ule bila kupata jibu tulikuwa pia tukiwapigia ndugu zetu walioko kambini, tuwaeleze kwamba safari hazipo tena.

Waliolipinga hili hawakuwa wanasiasa peke yao. Januari 21, katika ibada kwenye Kanisa Kuu la Kitaifa jijini Washington, Askofu Mariann Budde alimkabili Rais aliyekuwa ameketi mbele yake. Alimwomba awahurumie wanaovuna mashamba, wanaoosha vyombo mikahawani na wanaofanya zamu za usiku hospitalini. Trump alidai aombwe radhi. Askofu hakuomba. Siku tano baadaye, Makamu wa Rais JD Vance, ambaye ni Mkatoliki, alihoji kwenye televisheni kama maaskofu wa kanisa lake wanajali watu au fedha za serikali wanazopewa kuwahudumia wahamiaji. Kisha akatetea hoja kwamba Mkristo humpenda kwanza wa nyumbani kwake, halafu jirani, halafu wa nchi yake, na walimwengu wengine baadaye. Februari 10, Papa Francis aliwaandikia maaskofu wa Marekani na kuwaelekeza kwenye mfano wa Msamaria Mwema, yaani upendo usiombagua mtu. Nawahakikishia wasomaji kwamba mjadala huo haukubaki kwa wakubwa. Uliingia kwenye vikundi vya Biblia na kwenye meza za chakula cha Jumapili, na watu waliokaa benchi moja kwa miaka walibishana kwa uchungu.

Kikundi cha kanisa ninachoshirikiana nacho kilikuwa kimeshalipia nyumba ya familia iliyotarajiwa kufika Februari. Magodoro yalikuwa yamenunuliwa, mchele na mafuta vimewekwa kabatini. Wapo katika kikundi hicho waliompigia Trump kura. Mmoja wao, mzee mstaafu ambaye kwa miaka amekuwa akiwapokea Wakongo uwanja wa ndege na kuwafundisha kuendesha gari, alimwandikia seneta wake barua kwa mkono wake. Alimweleza kwamba alipiga kura kwa ajili ya mpaka, hakupiga kura ili watu walioalikwa wafungiwe mlango. Huyo utamweka wapi, Mhariri? Ukimhesabu kati ya walioridhika utakuwa umekosea, na kwenye maandamano hukumwona.

Maandamano nayo yalikuwapo. Aprili 5 watu waliingia barabarani katika majimbo yote 50. Lakini kwa upande wetu wakimbizi, uzito mkubwa ulikuwa mahakamani. Februari 10, mashirika matatu yanayopokea wakimbizi yalifungua kesi Seattle: HIAS la Wayahudi, Church World Service la makanisa, na Lutheran Community Services Northwest la Walutheri. Pamoja nao walisimama wakimbizi wenyewe, mmojawapo Mkongo aliyekuwa Kenya na mkewe na mtoto mchanga. Safari yao ilikuwa Januari 22, na walikuwa wameshauza kila walichokuwa nacho. Februari 25, Jaji Jamal Whitehead alizuia amri ile kwa muda. Alikubali kwamba mamlaka ya Rais katika jambo hili ni makubwa, lakini akasema yana mipaka, na kwamba Rais hawezi kuifuta sheria iliyotungwa na Bunge. Kesho yake serikali ikavunja mikataba na mashirika. Machi 25, mahakama ya rufaa ikaupunguza uamuzi wa jaji, ukabaki kuwalinda waliokuwa wameidhinishwa kabla ya Januari 20. Mashirika yakapunguza wafanyakazi, wakiwamo wakalimani wetu wengi.

Halafu ikafika Mei 12, Waafrikana weupe wapatao 59 kutoka Afrika Kusini wakapokelewa kwenye uwanja wa ndege wa Dulles, karibu na Washington, baada ya kushughulikiwa kwa miezi michache tu. Sina neno baya dhidi ya familia zile. Ila Kanisa la Kiepiskopali, ambalo lilikuwa likishirikiana na serikali kuwapokea wakimbizi kwa karibu miaka 40, lilitangaza siku hiyo kwamba litaufunga ushirikiano huo kuliko kuwatanguliza hao mbele ya waliosubiri miaka. Sean Rowe, askofu mkuu wake, aliueleza uamuzi huo kwa kukumbusha msimamo wa kanisa lake juu ya haki na ubaguzi wa rangi. Kanisa lililokubali kupoteza fedha za serikali kwa sababu hiyo halistahili kuwekwa kwenye fungu la walionyamaza.

Nasisitiza haya kwa sababu ya wanaosubiri. Ndugu zangu walioko kambini wanalisoma gazeti lako kwenye simu. Wakisoma kwamba Wamarekani wote wametukataa, wengine wanaacha kufuatilia kesi zao na kukosa miadi wanapoitwa. Wengine wanawasikiliza matapeli wanaodai kuna njia ya pembeni kwa atakayetoa fedha. Huduma za HCR ni bure, na hakuna mtu yeyote mwenye nafasi ya kuuza.

Kwa hiyo nakuomba, Mhariri, kila mahakama inapotoa uamuzi kuhusu kesi hii, uchapishe kwa Kiswahili uamuzi wenyewe unasema nini na unawahusu akina nani. Eleza kama ni wale waliokuwa na ndege kabla ya Januari 20 tu, au ni pamoja na waliokuwa bado kwenye mahojiano. Mama aliyeko Nyarugusu akiwa na barua ya kuidhinishwa mkononi anahitaji kujua kama bado inamlinda.

Wako,
Msomaji, Lexington, Kentucky