Malalamiko kuhusu uthibitishaji kati ya wakala wenu na kituo kikuu

Kwa Mkuu wa Usalama wa Bidhaa,

Ndugu,

YAH: MAWASILIANO YASIYOTHIBITISHWA KATIKA MFUMO WENU WA KUKUSANYA VIPIMO

Mwongozo wenu unasema wakala, yaani programu ya kukusanya vipimo inayosakinishwa kwenye kila seva, huwasiliana na kituo kikuu kwa njia salama ya TLS (itifaki ya kusimba mawasiliano na kuthibitisha utambulisho). Tumeyapima mawasiliano hayo na kukuta dai hilo si kweli. Data inasimbwa, lakini wakala hajui anampelekea nani, na kituo hakiwezi kumtofautisha wakala mmoja na mwingine.

Kasoro ya kwanza ndiyo nzito kuliko zote. Katikati ya njia tuliweka seva yenye cheti (hati ya kidijitali ya utambulisho) tulichokisaini wenyewe, kikiwa na jina lisilohusiana kabisa na kituo kikuu. Wakala alipaswa kukata mawasiliano papo hapo. Aliendelea, akatuma tokeni yake (msimbo wa siri unaomtambulisha) na vipimo vyote, nasi tukavisoma bila kizuizi. Chanzo kimo kwenye faili ya mipangilio mnayoisambaza: ukaguzi wa cheti umezimwa. Hata ukiuwasha, wakala hutazama tu kama cheti kimesainiwa na mamlaka ya vyeti inayoaminika, jina halilinganishi. Kwa hiyo yeyote mwenye cheti halali cha jina lake mwenyewe anaweza kujifanya kituo kikuu. Jina la seva lilinganishwe na majina mbadala yaliyoandikwa ndani ya cheti, kama RFC 9525 (waraka wa viwango vya intaneti) ya mwaka 2023 inavyoelekeza, na lisipolingana mawasiliano yakatwe.

Pili, kifurushi cha usakinishaji kinakuja na cheti cha wakala pamoja na ufunguo wake binafsi (siri inayothibitisha kuwa cheti ni chake). Alama za SHA-256 (mfano wa alama za vidole za faili) za vyeti kwenye seva zetu zote zinafanana, maana yake ufunguo ni mmoja kwa wote. Seva moja ikivamiwa, mvamizi anaweza kujitambulisha kama wakala yeyote, na cheti hicho hakiwezi kubatilishwa bila kuwafungia mawakala wote nje. Kila wakala atengeneze ufunguo wake kwenye mashine yake (aina ya P-256 inatosha), ufunguo usitoke hapo, na faili lake lisomwe na mtumiaji wa huduma hiyo peke yake. Kinachotumwa ni ombi la kusainiwa cheti tu. Cheti kiwe na jina la wakala huyo na muda mfupi, kihuishwe theluthi mbili za muda zikishapita, bila kuzima huduma.

Tatu, saini ya HMAC (inayotengenezwa kwa siri ya pamoja kuthibitisha kuwa ombi halijabadilishwa) inafunika mwili wa ombi tu. Ombi la zamani likirudiwa linapokelewa kana kwamba ni jipya. Saini ifunike pia njia ya ombi, wakati na namba isiyojirudia. Kituo kikatae ombi lililopitwa na zaidi ya dakika 5 na kikumbuke namba zilizotumika ndani ya muda huo. Saa za seva zioanishwe kwa NTP (itifaki ya kulinganisha saa mtandaoni), la sivyo maombi halali yatakataliwa.

Kituo pia bado kinakubali TLS 1.0, iliyostaafishwa rasmi na RFC 8996 Machi 2021.

Jibu la dawati lenu la msaada, kwamba mtandao wa ndani ni kinga ya kutosha, hatulikubali. Aliyekwisha kuingia kwenye mtandao huo ndiye hasa tunayemhofia.

Tunataka toleo lenye ukaguzi wa cheti na jina uliowashwa bila mteja kugusa chochote, cheti cha pamoja kibatilishwe, na wateja wote waarifiwe kwa maandishi. Wanaoandika majaribio wazingatie jambo moja: katika TLS 1.3, wakala asiye na cheti anaweza kuona muunganisho umekamilika, kisha akakataliwa anapojaribu kusoma jibu la kwanza. Jaribio linaloishia kwenye kufungua muunganisho litapita hata kama kituo kinamkataa wakala.

Tumewazima mawakala wote na kubadilisha tokeni zilizopita katika njia hiyo. Hatutawawasha kabla ya kulipima toleo jipya sisi wenyewe.

Wenu waaminifu,
Timu ya Miundombinu na Usalama